Kufunga amplifaya ya dishi la setilaiti pwani ya Tanga

BUC ya bendi ya Ku (masafa ya setilaiti) ya wati 4, ile amplifaya ya kurushia inayokaa kwenye mkono wa dishi, huvuta wati 40 hivi. Wati 4 zinakwenda angani, zilizobaki ni joto. Chipu za galiamu naitraidi zina nafuu, lakini bado joto ni lingi kuliko mawimbi, na usumbufu mwingi wa kazi hii unaanzia hapo.

Shughulikia kebo kwanza. BUC hupata volti 24 kupitia kebo ileile inayobeba mawimbi. Kebo nyingi za RG-6, zile za kawaida za dishi, zinazouzwa madukani zina waya wa katikati wa chuma kilichopakwa shaba. Weka sumaku kwenye waya wa katikati, ikinasa usiinunue. Mita 30 zake zina omu 3 na ushee. Kwa ampea 2, volti 6 zimepotelea njiani. BUC nayo haipunguzi ulaji volti zikishuka: huvuta ampea zaidi, volti zinazidi kuanguka, mwisho inajizima. Dalili yake ni mtambo kupokea vizuri, ila ukianza tu kurusha unakatika. Mafundi wengi hapo hubadilisha modemu bure.

Kupima volti bila mzigo ni kujidanganya. Chomoa kebo pande zote mbili, unganisha waya wa kati na wavu unaouzunguka kwenye ncha moja, pima omu kwenye ncha ya pili, kisha zidisha kwa ampea zilizoandikwa kwenye BUC. Ikizidi volti 3, tumia kebo yenye waya wa kati wa shaba tupu au RG-11, ambayo ni nene zaidi.

Sasa chumvi. Raskazone, hapa Tanga, au popote panapopigwa na upepo wa bahari, konekta isiyofungwa huota kutu ya kijani mapema sana. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse: asidi yake inakula shaba. Setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, kwa mtu aliye Tanga, iko karibu utosini, mwinuko wa nyuzi 83, hivyo konekta ya BUC hutazama juu. Acha kebo ining'inie chini ya konekta kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee hapo. Oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji, kwenye mdomo wa BUC unaotoa mawimbi isisahaulike. Kaza skrubu kwa kupishanisha.

Kupanga nguvu ya kurusha kunahitaji mtu wa kituo kikuu, kinachopokea mawimbi yako, kwenye simu. Fanya saa saba mchana, BUC ikiwa imechemka. Panda desibeli 1 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa kila hatua. Naye aone ongezeko la 1. Akiona nusu tu, amplifaya imeanza kukaba, yaani haiongezi tena nguvu sawa na unavyoipandisha: rudi kwenye hatua iliyokuwa kamili. Ukilazimisha, mawimbi yatamwagika kwenye masafa ya jirani, na utafungiwa. Wakati wote huo usipitishe kichwa kati ya pembe (faneli inayorusha mawimbi) na dishi.

Mapezi ya kupoza ya BUC yasimame wima, hewa ya moto ipande. Yakishika chumvi, zima mtambo, yaoshe kwa maji ya bomba na brashi laini. Maji ya presha hupenya kwenye oringi.