Somo: Siku nane zilizojificha ndani ya mafunzo ya siku tatu

Niliahidi somo la kuandika andiko la mradi, lile la kuombea pesa kwa mfadhili. Nimeghairi. Maandiko wengi wenu mnayaweza, pesa zinaingia, halafu mwezi wa tano afisa mradi anaumwa, mhasibu anaomba kuacha kazi na ripoti ya robo mwaka haijaguswa. Basi leo tuseme namna ya kuimaliza kazi tuliyoiomba wenyewe, tukiwa bado wazima. Nasema kwa uzoefu wa asasi ndogo hapa Tanga, tuliyoianzisha kwenye chumba kimoja Ngamiani.

Hatua ya 1: Andika wiki zako mbili zilivyokwenda

Chukua daftari la shule. Kila baada ya saa moja andika ulichokifanya, si ulichopanga kukifanya. Usimwonyeshe bosi, ni lako. Mimi nilidhani siku zangu zinaliwa na fildi. Daftari likaniambia Jumatano nzima nimeitumia kutafuta risiti.

Hatua ya 2: Jua bei ya siku yako

Hapa tukae kidogo. Tuchukulie afisa mradi analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu yake, kwa hiyo ongeza 90,000. Jumla 990,000. Gawanya kwa siku 22 za kazi, unapata 45,000 kwa siku. (Michango mingine ya mwajiri nimeiacha ili hesabu isitukimbie.)

Sasa umeandika mafunzo ya siku tatu kwa vikundi vya Mkinga. Kwenye bajeti umeweka posho, mafuta, chakula na kalamu. Lakini mafunzo hayo yana siku mbili za kuandaa na kwenda kuwaona mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, siku tatu zenyewe, siku moja ya kurejesha masurufu (kutoa hesabu ya hela ulizochukua kwa kazi) na siku mbili za ripoti. Ni siku nane. Nane mara 45,000 ni shilingi 360,000, na kwenye bajeti hazimo. Kazi ikafanyika vilevile, usiku, mezani kwako, watoto wamelala. Fanya hesabu hiyo kwa kila shughuli kabla hujatuma andiko. Zikijaa siku zaidi ya ulizonazo, futa shughuli nzima. Usipunguze siku za maandalizi, maana hizo zitarudi tu zikiwa hazina malipo.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya unaowahudumia

Mwaka mmoja tuliita wakulima wa mwani mkutanoni, kijiji kimoja cha pwani upande wa Pangani, saa nne asubuhi. Tulialika thelathini. Wakaja tisa, wanane wanaume. Tukaketi chini ya mkungu na chati zetu, tukasubiri, na kwenye ripoti tukaandika "mwitikio hafifu wa wanawake".

Ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hukupwa sana, na pwani yetu kupwa la mchana huangukia saa nne hivi. Hapo ndipo mashamba ya mwani yanapoonekana, na mwanamke ana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba, kung'oa magugu na kuvuna kabla maji hayajarudi. Mama mmoja alipita na kiroba kichwani, kanga imelowa mpaka kiunoni, akasimama akatutazama. "Wanangu, mmekuja kutufundisha mwani siku ya mwani?"

Tangu hapo ukutani ofisini kuna kalenda ya mwezi. Mikutano ya pwani tunaiweka maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana. Na kwa kuwa kupwa husogea mbele kama dakika hamsini kila siku, tunapiga simu siku mbili kabla kuuliza. Sikuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti, wanawake wakaja. Walio bara wana bamvua yao pia: msimu wa kupanda Lushoto, siku ya gulio Muheza. Ulizeni.

Hatua ya 4: Rejesha masurufu ndani ya siku tatu

Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hufutika. Ukiiacha mwezi kwenye dashibodi ya gari, jua la Tanga linakuachia karatasi nyeupe. Ipige picha pale pale kituo cha mafuta, kisha toa nakala. Bodaboda hana mashine, basi tembea na fomu ya malipo asaini yeye mwenyewe, na namba ya simu yake.

Hatua ya 5: Likizo iwe likizo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada ni kwa makubaliano, zisipite 50 katika wiki nne (mameneja hawamo kwenye kipimo hiki). Tunawafundisha wengine haki zao kisha sisi tunajiona mitume. Anayekwenda likizo aandike ukurasa mmoja wa makabidhiano: nini kinaendelea, nani apigiwe, funguo ziko wapi.

Hatua ya 6: Usilale kwa mfadhili mmoja

Hili mlilishuhudia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wengi waliokuwa na mkataba wa huko peke yake walifunga milango ndani ya wiki chache. Ada za wanachama ni ndogo, lakini hazisimamishwi na amri ya mtu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Muheza:* Shikamoo dada. Mfadhili wetu anasema hela ni za walengwa tu, halipi mishahara. Tufanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Mwulize kwanza kama anaruhusu gharama za uendeshaji, maana wengi wanaruhusu ila hawasemi mpaka waulizwe. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida hukubali hadi asilimia 7 juu ya gharama za moja kwa moja. Pili, siku za afisa anayefundisha ziandike ndani ya shughuli yenyewe, "siku 8 za mwezeshaji". Hiyo ni kazi ya walengwa. Akikataa vyote viwili, mimi ningemshukuru nikaachana naye. Najua ni rahisi kusema.

*Mwanachama, Makorora:* Najitolea mwaka wa tatu sasa, napewa nauli tu. Kila mradi ukija naambiwa "wewe ni wetu, subiri".

Mwanangu, ukiingia saa mbili, ukitoka saa kumi, na ukiomba ruhusa ya kwenda hospitali, hapo kujitolea kumeisha zamani. Omba barua yenye kazi zako, siku zako na tarehe ya mwisho. Wakisita kuandika, umeshajibiwa.

*Mwanachama, Pangani:* Bila posho watu hawaji mkutanoni. Hatua ya 3 kwetu haitafanya kazi.

Nauli lipeni, mtu asitumie hela yake kuwasikiliza nyie. Posho ya kukaa sisi tuliiondoa kwa kuufupisha mkutano. Saa moja na nusu, tukianza saa tuliyoisema, bila mgeni rasmi. Miezi miwili ya kwanza walinuna, tena sana. Wa tatu wakarudi wale waliokuwa na shida ya kweli.

*Mwanachama, Chumbageni:* Mkurugenzi anatuma ujumbe saa tano usiku. Nikichelewa kujibu, asubuhi nanuniwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mkurugenzi huyo. Sikutaka jibu usiku ule, niliogopa kusahau tu, lakini mhasibu wangu angejuaje? Siku moja alinijibu saa kumi na moja alfajiri, ametoka kuswali, akaniuliza kama nataka zile takwimu sasa hivi au awapikie watoto uji kwanza. Siku hizi naandika kwenye daftari lililo kando ya kitanda, natuma saa mbili asubuhi. Mtumie wako somo hili, umwambie ni mimi nimesema.