Nukta kwanta na molekuli: tafuta nyufa kabla ya kupima umeme

Mdogo wangu unayeanza maabara, utando wako wa kwanza wa nukta kwanta, yaani chembe za semikondakta zenye upana wa nanomita chache, utapasuka. Wangu ulipasuka, na kwa wiki tatu nikawa naisingizia molekuli. Nilikuwa nimeunganisha nukta za salfaidi ya risasi kwa fthalosianini ya shaba yenye vikundi vinne vya amino, molekuli ya kikaboni ambayo ni semikondakta. Umeme ukapita kiduchu, nikaandika daftarini kwamba molekuli haifai. Siku nilipouweka utando chini ya hadubini niliona jaruba la mpunga wakati wa kiangazi: vipande vyeusi vilivyoachana, na katikati yake sakafu tupu.

Chanzo chake ni hiki. Nukta ikitoka kutengenezwa huwa imevaa asidi ya oleiki, mnyororo wa kaboni 18 wenye urefu wa nanomita 2 hivi. Mnyororo huo huzuia nukta zisigandamane, lakini huzuia na umeme. Elektroni huvuka pengo kwa kupenya, na pengo likiongezeka kidogo tu, kupenya hupungua mara nyingi. Ukiuvua mnyororo na kuweka molekuli fupi, nukta husogeleana, utando mzima husinyaa, na usipokuwa na pa kuponea hupasuka.

Molekuli ichague kwa nishati yake. Ukitaka kusafirisha matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, ngazi ya nishati ya juu kabisa ya molekuli iliyojaa elektroni ikaribiane na ile ya nukta. Ukitaka elektroni, angalia ngazi ya chini kabisa iliyo tupu. Ngazi zikiachana mno, umeongeza ukuta.

Fanya kazi ndani ya kisanduku cha naitrojeni, maana oksijeni huiongezea salfaidi ya risasi matundu na kuvuruga vipimo vyako. Mimina kiyeyusho cha asetonitrili kwenye trei ya Teflon, kisha dondoshea juu yake nukta zilizomo kwenye heksani, kiyeyusho kingine chepesi. Zitaelea kama mafuta ya taa juu ya maji. Molekuli iliyoyeyushwa kwenye kiyeyusho cha DMSO ichome kwa sindano chini ya tabaka hilo, pembeni mwa trei, taratibu sana. Ukiharakisha utaona mawimbi, na kila wimbi ni ufa wa kesho. Heksani ikishakauka, gusa ukingo wa utando kwa ncha ya sindano. Ukisogea wote kwa pamoja kama malai juu ya maziwa, nukta zimeshikana. Ukiachana vipandevipande, subiri zaidi.

Uinue kwa kipande chako cha silikoni chenye elektrodi, usuuze kwa asetonitrili safi ili molekuli zisizoshika nukta ziondoke, kisha upashe moto. Mimi hutumia nyuzi 190 kwa nusu saa. Halafu weka tabaka la pili juu yake, kwa sababu huziba nyufa za la kwanza. Vaa glavu muda wote, na taka za risasi ziwe na chupa yake.

Sasa hadubini, kabla ya waya wowote. Pima na unene. Kwa mwanga wa infraredi, tazama vilele vya karibu na 2850 na 2920 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja): vikiwa bado virefu, oleiki imebaki.

Hesabu ya upitishaji wa umeme ni nyepesi: mkondo mara urefu wa njia kati ya elektrodi, gawa kwa volti mara upana mara unene. Tuseme volti 1, njia ya mikromita 10, upana wa sentimita 1, unene wa nanomita 40. Ukipata nanoampea 40, upitishaji ni siemensi 0.00001 kwa sentimita. Lakini upana huo ni wa elektrodi. Nyufa zikikata nusu ya njia, namba yako ni nusu ya ukweli, na hakuna mashine itakayokuonya. Ndiyo maana kila namba daftarini mwangu imebandikiwa picha yake.

Mwisho, tengeneza utando mwingine kwa nukta za chupa ileile, ukiunganisha kwa ethanidithioli, molekuli fupi isiyo semikondakta. Upitishaji ukipanda sawasawa na ule wa fthalosianini, huenda kilichosaidia ni ukaribu wa nukta tu, na bado hujaonyesha kazi ya ngazi za nishati. Tando zote mbili zipoze hatua kwa hatua, uchore logi ya upitishaji dhidi ya kinyume cha halijoto, yaani moja gawa kwa halijoto. Mstari ukinyooka, mteremko wake unakupa nishati ambayo chaji inahitaji ili iruke kutoka nukta moja hadi nyingine. Linganisha miteremko hiyo miwili. Ufa hupunguza njia za kupita, lakini mteremko hauubadilishi sana.