Jinsi ya kuuelewa utani wa siasa za Marekani: anza na chakula

Ukitaka kucheka na Wamarekani pale wanapowacheka wanasiasa wao, katiba yao iache kwanza, anza na chakula. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanafungua klipu ya shoo ya usiku, mtangazaji anataja neno moja tu ukumbi mzima unaangua kicheko, na wao wamebaki wanakodoa macho wakidhani tatizo ni Kiingereza chao, kumbe Kiingereza wanacho cha kutosha kabisa, wanachokosa ni kile kijitukio kidogo ambacho kila mtu ukumbini anakijua.

Utani wao umekaa juu ya vitu vidogo. Sera ya kodi haimchekeshi mtu, ila mwanasiasa akikosea kula, hiyo ataambiwa mpaka azeeke. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alikuwa kwenye kampeni San Antonio, Texas, akapewa tamale, ambayo ni unga wa mahindi uliotiwa nyama, ukafungwa kwenye ganda la hindi na kupikwa kwa mvuke, sasa lile ganda la nje haliliwi, unalifungua unalitupa, yeye akaing'ata hivohivo na ganda lake mbele ya kamera. Mwaka 2003 seneta John Kerry, aliyekuwa anautafuta urais, alienda Philadelphia akaagiza ule mkate wao maarufu wa nyama akaomba uwekewe jibini ya Uswisi, wakati wenyeji wanajua jibini zinazowekwa pale na ya Uswisi haimo. Alafu 2014 meya mpya wa New York, Bill de Blasio, akaonekana anakula piza kwa uma na kisu, katika mji ambao piza inakunjwa inashikwa mkononi. Alijitetea kwamba ndo desturi ya Italia walikotoka wazee wake lakini wapi, watu walishamaliza naye.

Kwanini chakula kinabeba uzito wote huu? Kwa sababu mgombea wa kule lazima aonekane ni mtu wa kawaida, mwenzao, na mdomo haudanganyi. Ndo maana kila Agosti wagombea wanajazana kwenye maonesho ya jimbo la Iowa, wanatembea na vyakula vya kuchomekwa kwenye kijiti, wanapiga picha karibu na sanamu ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa siagi, utamaduni ulioanza pale mwaka 1911. Iowa kwa miongo mingi ndo lilikuwa jimbo la kwanza kupiga kura za kuwachuja wagombea urais, kwa hiyo ukiona seneta amevaa suti anahangaika na nyama ya nguruwe kwenye kijiti ujue yuko kazini.

Basi ukikutana na utani wenye chakula ndani yake jiulize mambo matatu: hicho chakula ni cha mji gani, wenyeji wanakilaje, na nani alikikosea. Ukishapata majibu rudi kwenye klipu uiangalie tena, utacheka, nakuhakikishia.

Hatua inayofuata ni kujua kwamba kila mwanasiasa mkubwa amebandikwa kasoro moja, na wachekeshaji wanaifanyia kazi hiyohiyo miaka na miaka. Hapa lazima uijue Saturday Night Live, shoo ya Jumamosi usiku kutoka New York iliyoanza Oktoba 1975. Mwaka huohuo Ford (huyuhuyu wa tamale) aliteleza kwenye ngazi za ndege alipowasili Austria, na mchekeshaji Chevy Chase akaanza kumuigiza, wala hakujisumbua kufanana naye sura, hakuvaa nywele za bandia, alikuwa anajikwaa na kuanguka tu, basi. Ford alikuwa mwanamichezo wa kweli, alicheza futiboli ya Kimarekani Chuo Kikuu cha Michigan, lakini nchi nzima ikabaki na picha ya rais asiyejua kutembea. Kwa hiyo ukimwona mtu anaigizwa usiangalie sura, sikiliza sauti, angalia mikono, tafuta kile kitu kimoja kinachorudiwarudiwa, utani umejificha hapo.

Na hapa nakuomba uwe makini sana maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaka 2008 Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa anagombea umakamu wa rais, alisema kwenye mahojiano kwamba Urusi inaweza kuonekana ukiwa kwenye ardhi ya Alaska. Ni kweli kabisa, kuna visiwa viwili vya Diomede pale, kimoja cha Marekani kingine cha Urusi, kati yao hapafiki hata kilomita 5. Mchekeshaji Tina Fey akamuigiza kwenye Saturday Night Live akasema anaiona Urusi akiwa nyumbani kwake, na mpaka leo ukiwauliza watu wanakwambia hayo ni maneno ya Palin mwenyewe! Sio yake. Kabla hujaweka nukuu kwenye posti yako hakikisha imetoka kwa mwanasiasa au imetoka kwa mwigizaji. Vilevile kuna gazeti linaitwa The Onion, lipo tangu 1988, habari zake ni za kutunga kwa ajili ya kuchekesha lakini zimeandikwa kwa sura ya habari ya kweli kabisa, na mwaka 2012 tovuti ya gazeti la chama tawala China ilichukua habari yao kwamba Kim Jong Un, kiongozi wa Korea Kaskazini, ndiye mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani ikaichapisha kama habari ya kawaida, tena na picha kibao. Kama wao walinaswa na wewe utanaswa, angalia jina la chombo kwanza.

Alama za vyama vyao viwili vikubwa ni za kukariri tu. Punda ni Democrats, tembo ni Republicans, na mchoraji Thomas Nast ndo aliyewafanya hao wanyama wakajulikana kwenye miaka ya 1870. Bluu ni Democrats na nyekundu ni Republicans, ila rangi hizo zilitulia kuanzia uchaguzi wa 2000, kabla ya hapo vituo vya TV vilikuwa vinajichagulia, kwa hiyo usishangae ukiona ramani ya zamani imegeuzwa.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye utani huu ni jinsi anayetaniwa anavyoupokea. Rais George Bush baba aliigizwa miaka yote na Dana Carvey, mchekeshaji wa Saturday Night Live, ile sauti yake na ile mikono yake, lakini aliposhindwa na Clinton mwaka 1992 alimwita Carvey Ikulu mwezi Desemba aje awachangamshe wafanyakazi wake waliokuwa wamenyong'onyea. Ila hata asiyependa hana sana la kufanya, maana mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba mtu maarufu hawezi kudai fidia kwa kuumizwa hisia na kejeli ambayo hakuna mtu angeidhania ni kweli, na kejeli iliyofikishwa mbele yao ilikuwa chafu mno.

Ukitaka kuandika utani wako mwenyewe, eleza tukio kwa sentensi moja kisha utanie. Mfano: Agosti 2014 Obama aliongea na waandishi kuhusu Syria amevaa suti ya rangi ya kahawia hafifu, na watu wakajadili suti. Umeona, sentensi moja na msomaji yuko ndani. Tukio likihitaji aya nzima ya maelezo achana nalo, tafuta jingine. Na mtanie mtu kwa alichofanya au alichosema, usiguse ugonjwa wake wala watoto wake, hapo hata Wamarekani wenyewe wanakukasirikia.

Kama hujui pa kuanzia, anza Novemba na bata mzinga. Wiki ya sikukuu ya shukrani, ambayo inaangukia Alhamisi ya 4 ya mwezi huo, rais anasimama mbele ya kamera na "kumsamehe" bata mzinga asichinjwe, desturi iliyokolea kuanzia 1989. Video yake ni fupi, Kiingereza chake ni chepesi, na utani ni ule wa baba kwa watoto wake, hauhitaji kumjua seneta yeyote. Angalia za marais 3 tofauti mfululizo utaona kila mmoja anavyotania kivyake. Ile hafla ya chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa Ikulu, ambayo mara nyingi huwa Aprili, iweke mwishoni, kule yanatajwa majina mengi kwa kasi na ukianza nayo utachoka kabla hujacheka.