Kabla ya filimbi ya kwanza: kuandaa mabinti wa mpira wa kikapu

Siku ya kwanza ya mazoezi sitoi mpira. Kila binti hupanda kwenye boksi la sentimita 30 hivi, anashuka kwa miguu yote miwili, kisha anaruka juu papo hapo kama anayewania ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu na kurudi. Mimi huwa nimechuchumaa mbele yake, macho kwenye magoti. Kwa wengi, magoti hukimbiliana kwa ndani wakati wa kutua, karibu yagongane. Hao ninawaandika kwenye daftari, na kwao ndiko maandalizi yangu ya msimu yanakoanzia.

Ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana huchanika kano hii mara 2 hadi 8 zaidi ya wavulana, na mara nyingi hakuna hata aliyewagusa: binti ametua vibaya, au amesimama ghafla ili abadili njia. Akichanika na kufanyiwa upasuaji, atakaa nje miezi tisa au zaidi. Habari njema ni kwamba kutua kunafundishika. Dakika 15 hadi 20 za mazoezi maalumu, mara mbili au tatu kwa wiki, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, ila zinahitaji wiki kadhaa kuzaa matunda. Kwa hiyo hesabu wiki sita kurudi nyuma kutoka mechi ya kwanza, uanzie hapo. Ukianza wiki mbili kabla, umechelewa.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Kuruka na kutua kimya, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea kule vidole vya miguu vinakoelekea. Mimi huwaambia nikisikia kishindo, tunarudia. Kusimama kwa mguu mmoja huku wakipeana pasi. Kuchuchumaa, na kupiga hatua ndefu huku goti la nyuma likikaribia sakafu. Halafu lile wanalolichukia: binti anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha kifudifudi polepole, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja mpaka ishindwe. Anza na marudio machache, maana kesho yake watatembea kama wazee.

Pumzi inafuata, na hapa naona makocha wengi wakijidanganya. Mizunguko kumi ya uwanja humfundisha mtoto kukimbia taratibu kwa muda mrefu, jambo ambalo halimo kwenye mchezo wetu. Kiwanja rasmi kina urefu wa mita 28. Mchezaji hukimbia kasi, anasimama, anarudi kwa kinyumenyume, anapumua kidogo, anakimbia tena, na hivyo hivyo kwa robo nne za dakika kumi kumi. Basi fanyeni hivyo: mbio fupi za kwenda na kurudi, mapumziko mafupi, na idadi iongezeke kidogo kidogo kila wiki. Kuwakimbiza kama adhabu ya kuchelewa mimi nilishaacha. Unamfundisha mtoto kwamba mazoezi ni sawa na kuchapwa viboko. Kama ni msimu wa joto, mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kulizoea, kwa hiyo wiki ya kwanza iwe nyepesi na maji yawe pembeni ya uwanja muda wote. Wape angalau siku moja ya kupumzika kila wiki, mbili ni bora zaidi.

Fomu ya afya ijazwe na mzazi kabla ya yote. Je, amewahi kuzimia au kuumwa kifua akikimbia? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Ana pumu, na dawa yake ya kuvuta itakuwa kwenye mkoba wa nani? Ukipata ndiyo kwenye maswali mawili ya mwanzo, aende kwa daktari kwanza, hata akililia namba.

Kuna suala ambalo makocha wa kiume hulikwepa: hedhi. Binti aliyekwisha kuvunja ungo akikosa siku zake miezi mitatu mfululizo katikati ya mazoezi makali, huenda hali chakula cha kumtosha, na mifupa yake italipa deni hilo. Mwingine anachoka kupita kiasi kwa sababu damu imepungua madini ya chuma, nasi tunamwita mvivu. Tafuta mwanamke mmoja wanayemwamini awe sehemu ya benchi, na pedi zikae kwenye sanduku la huduma ya kwanza pamoja na barafu na bendeji. Wewe mwenyewe usibaki faragha na mtoto mmoja, kwa usalama wake na wako.

Vifaa ni vichache. Mpira uwe wa saizi 6, wenye mzunguko wa sentimita 72 hivi, si saizi 7 ya wanaume. Ukiwapa mpira mkubwa watarusha kwa mabega na itakuchukua msimu mzima kuwasahihisha. Raba zisizoteleza, sidiria ya michezo inayobana vizuri, hereni nje, kucha fupi. Uwanja uzungukie mwenyewe kwa miguu, utafute mchanga, unyevu na misumari.

Mbinu nazipa nafasi ndogo: mipango miwili ya kushambulia inatosha. Mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, hata hivyo, tunapiga baada ya mbio, miwili miwili, mapigo ya moyo yakiwa bado juu, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa kwenye mechi.

Wiki ya tano tunacheza mechi ya kirafiki. Matokeo siyaandiki. Robo ya nne ikianza nafungua lile daftari la siku ya boksi na kutazama wale wale wakitua, sasa wakiwa wamechoka. Ambaye magoti yake bado yanakimbiliana, ataanza msimu kwa dakika chache.