Kuku rangi unayotaka, bila kubahatisha

Kwanza kabisa mtenge mtetea na majogoo wote kama wiki 3 hivi, maana mbegu ya jogoo wa zamani inakaa tumboni mwake siku nyingi na utakuja kumlaumu jogoo mpya bure. Ndo umpe unayemtaka.

Mi napenda zaidi ule mchezo wa mistari: jogoo mwekundu asiye na mistari, mtetea mwenye mistari myeusi na myeupe, vifaranga wakitoka siku ya 21 wanakuwa weusi, sasa angalia utosini, mwenye doa jeupe ni jogoo na asiye nalo ni mtetea, basi, husubiri miezi. Mama anampa mistari mwanae wa kiume tu, kwahiyo ukigeuza wazazi ujanja unakufa.

Kishingo rahisi, mzazi mmoja anatosha kuleta shingo tupu. Ila wale wa manyoya yaliyopinda usipandishe wenyewe kwa wenyewe aisee, kama robo ya vifaranga manyoya yao yanakatikakatika wanabaki uchi, wape mwenza wa manyoya ya kawaida.

Na wavalishe pete miguuni, kichwa kinasahau nani mtoto wa nani.