Mafua yameisha, kikohozi kimegoma kuondoka
Wenzangu wa Mbeya, hasa mnaoamka na ukungu wa Uyole: mafua yakiisha kikohozi kikabaki, usikimbilie duka la dawa kununua amoksilini. Haiui virusi, na mara nyingi virusi vyenyewe vimeshaondoka. Kilichobaki ni njia ya hewa iliyochubuka, inayochokozwa na kitu kidogo tu: baridi ya alfajiri, vumbi, moshi. Kutulia huchukua wiki 3 hadi 8.

Mimi kilichonisaidia kuliko vyote ni kulitoa jiko la mkaa chumbani. Mwezi wa saba tunalikumbatia, mlango na dirisha vimefungwa, halafu tunashangaa tunakohoa usiku kucha. (Tena hewa yake ya sumu inaua watu wakiwa usingizini.) Nikitoka asubuhi najifunga skafu mpaka puani, hewa iingie imepata joto kidogo. Usiku kijiko cha asali kwenye maji ya uvuguvugu, ila mtoto hajatimiza mwaka 1 asipewe asali.

Hata hivyo, kikohozi kikifika wiki 2, kapime makohozi, isije ikawa TB (kifua kikuu). Kipimo cha TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukiona damu, homa za jioni, kukonda au kubanwa pumzi, nenda siku hiyohiyo.