Kukarabati Ukuta wa Mawe kwa Chokaa: Funzo la Unguja kwa Wenye Nyumba wa Bagamoyo
Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo akiona lipu inabanduka, hukimbilia mfuko wa saruji, kwa kuwa saruji ndiyo inayohesabiwa kuwa maendeleo. Namsihi asiufungue. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, mawe yakamomonyoka na vichwa vya boriti vikaoza. Ukuta wa baraza ya nyumba niliyokulia ulipigwa saruji, na baada ya masika kadhaa ukitia kidole kwenye ufa ulitoka unga wenye ladha ya chumvi.

Kwanza pata ruhusa ya ofisi ya Mambo ya Kale, kisha tafuta maji yanakoingilia na uyazuie. Bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Changanya kipimo 1 cha chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji na vipimo 3 vya mchanga usio wa baharini. Vaa glavu na miwani, maana chokaa huunguza. Lowesha ukuta, ziba mashimo kwa vijiwe, upige lipu nyembamba, kama sentimita 1 kwa kila tabaka. Hapo ndipo wengi huharibu kwa haraka: chokaa hukomaa polepole, kwa hiyo ifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, la sivyo jua litaipasua.

Unguja imeonja gharama ya kuchelewa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe wake zilitaifishwa na matunzo yakadorora. Mji uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020. Wapo wasemao kwamba majumba hayo ni ya watawala, kwa hiyo hayatuhusu. Uchungu huo nauelewa, ila waliochoma chokaa na kubeba boriti walikuwa watu wa chini, wakiwamo watumwa, na kazi ya mikono yao ndiyo iliyobaki ukutani.

Kwa hiyo tafuta fundi mzee, umlipe pia kijana wa mtaani asimame naye tangu siku ya kwanza, amwone anavyofinyanga donge la chokaa kiganjani ili kujua kama maji yametosha.